Sharti la Nne: Jukwaa la Wamarekani Weusi na Mahali Liliposimama

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wanafunzi wa sanaa za maonyesho, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kunisikiliza: shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu habari za jioni.

Mniruhusu nianze na masharti manne. Mwezi Julai 1926, W. E. B. Du Bois, msomi aliyekuwa mhariri wa jarida la The Crisis mjini New York, aliandika kwamba tamthilia ya kweli ya Watu Weusi wa Marekani ni lazima ituhusu sisi, itungwe na sisi, iwe kwa ajili yetu, na iwe karibu nasi. Masharti matatu ya kwanza yamefundishwa na kurudiwa mpaka yamezoeleka. La nne hupitwa haraka, kana kwamba ni suala la anwani ya jengo tu. Mimi nimekuja kulizungumzia hilo la nne, kwa sababu kadiri ninavyoisoma historia ya jukwaa hilo katika miaka 40 ya mwanzo ya karne ya 20, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ndilo lililoyabeba mengine matatu. Na sisi tunaosema Kiswahili tunalisikia kwa namna ya pekee: Du Bois alitumia neno la Kiingereza linalopima umbali tu, ilhali neno letu la karibu linapima umbali na wakati huohuo linamfungulia mgeni mlango.

Ili kuelewa kwa nini mtu alazimike kudai jambo linaloonekana dogo kiasi hicho, ni lazima turudi nyuma, kwenye maonyesho ya minstreli yaliyoanza kuenea Marekani katika miaka ya 1830. Mwigizaji Mzungu alichukua vizibo vya chupa, akavichoma, akayasaga masizi yake, akayachanganya na maji na kujipaka uso mzima hadi shingoni, akiacha duara pana kuzunguka midomo. Kisha alivaa matambara akapanda jukwaani kumwigiza mtumwa mvivu, mwizi wa kuku, mpumbavu anayecheka hata anapotukanwa. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, Watu Weusi waliotaka kuishi kwa kazi ya jukwaa walikuta mlango ulio wazi ni huohuo, nao wakalazimika kupita humo wakiwa wamepakwa. Nawaombeni mlitazame jambo hilo bila haraka: mtu mweusi ameketi mbele ya kioo, anajipaka weusi usio wake, ili afanane na picha yake iliyochorwa na mtu mwingine.

Aliyelibeba hilo hadi mwisho wa maisha yake ni Bert Williams. Alizaliwa Bahamas mwaka 1874, na rangi yake ilikuwa maji ya kunde, kiasi kwamba bila masizi watazamaji wasingemkubali kama “Mweusi” waliyemlipia kiingilio. Yeye na mwenzake George Walker, kijana wa Kansas, ndio waliofika Broadway, eneo la kumbi kubwa za maonyesho mjini New York, tarehe 18 Februari 1903 na mchezo wa muziki ulioitwa In Dahomey, ambao muziki wake ulitungwa na Will Marion Cook na mashairi yake na Paul Laurence Dunbar. Ulikuwa mchezo wa kwanza kamili, uliotungwa na kuigizwa na Watu Weusi, kuonyeshwa katika ukumbi mkubwa wa Broadway. Mwaka huohuo kundi lilivuka bahari hadi London, na tarehe 23 Juni likacheza katika kasri la Buckingham kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mjukuu wa mfalme aliyekuwa ametimiza miaka tisa. Aida Overton Walker, mke wa George, aliwafundisha mabibi wa tabaka la juu kucheza cakewalk, ngoma iliyozaliwa kwenye mashamba ya watumwa.

Lakini kule New York, usiku wa In Dahomey, mtu mweusi aliyenunua tikiti alielekezwa kupanda ngazi hadi roshani ya juu. Viti vya chini, vile vilivyo mbele ya jukwaa, vilikuwa vya Wazungu. Ndugu zangu, hapo masharti mawili ya Du Bois yalikuwa yametimia miaka 23 kabla hayajaandikwa: mchezo ulitungwa na Watu Weusi na kwa kiasi fulani uliwahusu. Hata hivyo, ulichezwa mbali na wao, na umbali ule ndio ulioamua ni vichekesho vipi vibaki na ni masizi ya nani yasifutwe. Mchekeshaji Mzungu W. C. Fields, aliyefanya kazi na Williams baadaye, alisema kwamba hakuwahi kumwona mtu anayechekesha kuliko yeye, wala hakuwahi kumjua mtu mwenye huzuni kuliko yeye. Williams alifariki mwaka 1922, na hadi msimu wake wa mwisho alikuwa akijipaka.

Umbali ulianza kupungua pale watu wenyewe walipohama. Mashamba ya Kusini yaliposhindwa kuwalisha, na magenge ya wauaji yalipozidi, familia kwa maelfu zilipanda treni kwenda Chicago, Cleveland, Washington na New York, na kwa mara ya kwanza kukawa na mitaa mizima ya mijini yenye watazamaji weusi wenye senti mfukoni. Chicago kulikuwa na Pekin, ukumbi wa mfanyabiashara mweusi Robert Motts, mwaka 1905. Harlem, mtaa wa Watu Weusi mjini New York, kukawa na ukumbi wa Lafayette, uliofunguliwa mwaka 1912, ambako mtu mweusi aliweza kukaa viti vya chini. Mwaka 1915 mwigizaji Anita Bush aliunda kundi lililokuja kujulikana kama Lafayette Players, ambalo lilibadilisha mchezo karibu kila wiki, na mingi kati ya michezo hiyo ilikuwa ile iliyokwisha kupendwa na Wazungu wa Broadway: mapenzi, mauaji, kesi za mahakamani. Wapo wasomi wanaolidharau kundi hilo kwa kuwa liliiga. Mimi siwezi kulidharau. Mama mfua nguo aliyeketi mstari wa pili akamwona mwanamke mweusi jukwaani amevaa gauni refu, anapenda, anasalitiwa, analia kama mtu mzima bila hata tone la masizi usoni, alikuwa ameona jambo ambalo jukwaa la nchi yake lilikuwa limemnyima tangu lianze.

Sasa nifike Washington, kwa Angelina Weld Grimké, mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1915 filamu ya The Birth of a Nation ilizunguka Marekani ikiwasifu Ku Klux Klan, kundi la Wazungu lililowatisha na kuwaua Watu Weusi, kama mashujaa. Chama cha NAACP, kilichoanzishwa mwaka 1909 kutetea haki za Watu Weusi, kilikuwa na kamati ya tamthilia mjini Washington, na kamati hiyo ikachukua mswada wa Grimké ulioitwa Rachel, ikauonyesha tarehe 3 na 4 Machi 1916 katika shule ya ualimu ya Myrtilla Miner. Karatasi ya programu ilitamka waziwazi kwamba hilo lilikuwa jaribio la kwanza la kutumia jukwaa kwa propaganda, ili kuwaelimisha Wamarekani kuhusu hali ya kusikitisha ya raia weusi milioni 10.

Rachel ni binti anayependa watoto kupita kiasi. Kila mtoto wa jengo lao anamjua, na ndoto yake kubwa ni kuwa mama. Katika tendo la kwanza mama yake, Bi. Loving, anawafunulia yeye na kaka yake Tom siri aliyoificha miaka 10: kwamba kule Kusini baba yao, aliyekuwa na gazeti dogo, aliandika kulaani mauaji yaliyofanywa na genge la Wazungu, na kwamba genge likaja usiku nyumbani, likamtoa yeye na mwana wa kambo wa miaka 17, likawanyonga wote wawili. Miaka minne inapita. Tom amesomea uhandisi wa umeme na hakuna anayempa kazi. Rachel analea mtoto yatima, Jimmy, na siku moja Jimmy anarudi kutoka shuleni akitetemeka, kwa sababu wavulana wa Kizungu wamemfukuza kwa mawe na kumwita kwa lile tusi ambalo Wazungu waliwatukania Watu Weusi. John Strong, mwanamume anayempenda Rachel, amemletea maua ya waridi ambayo hayajachanua. Rachel anayanyofoa machipukizi yale moja moja, anayakanyaga chini ya kiatu, na hapo anaapa kwamba hatazaa mtoto wa kuletwa katika nchi kama hii.

Sikilizeni jinsi Grimké alivyofanya kazi yake. Hakuna maiti jukwaani, hakuna kamba, hakuna genge. Kuna sebule, cherehani, mama na wanawe wawili, na maua. Wengine waliulaumu mchezo huo kwa kudai kwamba unawafundisha Watu Weusi kujimaliza wenyewe, naye alilazimika kueleza kwamba alikuwa akisema na wanawake Wazungu, kwa kuwa alidhani umama ndiyo njia pekee ya kuwagusa moyo. Hapo ndipo mimi natofautiana naye kwa heshima zote. Mchezo ulikusudiwa kwa walio mbali, lakini ulichezwa na kutazamwa na walio karibu, na nguvu yake yote inatokana na sebule ile ambayo kila mtu mweusi wa Washington aliitambua kuwa yake. Ndani ya kamati yenyewe mabishano yalikuwa makali. Wasomi Alain Locke na Montgomery Gregory hawakutaka jukwaa liwe mimbari, na ubishi huo ndio uliowapeleka kujenga kundi la wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Howard, ambako sanaa ingetangulia na ujumbe ufuate. Du Bois aliwajibu baadaye, mwaka 1926, kwamba sanaa yote ni propaganda. Wanafunzi wangu huniuliza niko upande gani. Nawajibu kwamba nimeusoma Rachel mara nyingi, na kila mara ni yale maua yanayonikamata, si zile hotuba ndefu.

Mwaka mmoja baada ya Rachel, tarehe 5 Aprili 1917, waigizaji weusi walicheza tamthilia tatu fupi za mshairi Mzungu Ridgely Torrence katika ukumbi wa Garden mjini New York. Mwandishi mweusi James Weldon Johnson aliuita usiku huo tukio kubwa kuliko yote katika historia ya Mtu Mweusi kwenye jukwaa la Marekani. Kesho yake Marekani iliingia vitani, na magazeti yakawa na mengine ya kuandika.

Kisha akaja mwigizaji mweusi Charles Gilpin. Alikuwa amezaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1878, na kati ya kazi moja ya jukwaa na nyingine aliwahi kuwa mchapaji, kinyozi na mwendesha lifti. Tarehe 1 Novemba 1920 aliigiza Brutus Jones katika The Emperor Jones ya mtunzi Mzungu Eugene O’Neill: mtumishi wa treni aliyetoroka gerezani, akajifanya mfalme wa kisiwa kimoja, na sasa raia wake wamemwasi naye anakimbia usiku kucha msituni. Ngoma inaanza kulia kwa mapigo 72 kwa dakika, sawa na moyo uliotulia, halafu inaongeza kasi kidogo kidogo hadi mwisho, na katika muda wote huo mwigizaji yuko karibu peke yake. Gilpin alitikisa New York. Chama kimoja cha tamthilia kilimtaja miongoni mwa watu 10 waliolifaa jukwaa zaidi mwaka huo, kisha wakaanza kunong’ona kwamba asialikwe kwenye chakula cha jioni cha heshima kwa sababu ya rangi yake. Wasanii wenzake walipokataa kuhudhuria bila yeye, alialikwa, akaenda, akapigiwa makofi marefu. Lakini mswada ulijaa lile tusi, naye akawa analibadilisha usiku baada ya usiku kwa neno jingine. O’Neill alikasirika, na mchezo ulipopelekwa London mwaka 1925, nafasi alipewa mwigizaji mwingine mweusi, Paul Robeson. Gilpin alifariki mwaka 1930.

Kuna kisa kuhusu mchezo huohuo alichokisimulia mshairi mweusi Langston Hughes, na ni kisa ninachokipenda kuliko vingi. Ulipochezwa katika ukumbi wa Lincoln, Harlem, Jules Bledsoe akiwa Mfalme Jones, watazamaji walimwona mtu mzima mweusi anakimbia ovyo msituni akiogopa vivuli, wakaanza kumpigia kelele atoke huko porini arudi Harlem, kwao. Wazungu wa Greenwich Village, mtaa wa New York ulikoanzia mchezo huo, walikuwa wameutazama mchezo kwa kicho, kimya. Harlem waliutazama kama watu wanaomjua Bledsoe na wanaoujua usiku, na wakaukataa uongo uliokuwa ndani ya kazi yenye ustadi mkubwa. Huo ndio ukaribu ninaouzungumzia. Mtazamaji aliye karibu ana haki ya kujibu.

Broadway iliendelea na mambo yake. Mchezo wa muziki Shuffle Along ya Noble Sissle, Eubie Blake, Flournoy Miller na Aubrey Lyles ilifunguliwa mwezi Mei 1921, ikachezwa mara 504, na ikawapa kazi vijana ambao dunia ingewajua baadaye, akiwamo Josephine Baker. Mwezi Mei 1923 The Chip Woman’s Fortune ya Willis Richardson ikawa tamthilia ya kwanza isiyo ya muziki ya mtunzi mweusi kufika huko. Richardson alikuwa karani wa serikali mjini Washington, katika ofisi inayochapa noti. Mchezo wake ni wa tendo moja: baba anadaiwa pesa za gramafoni aliyokopa dukani, mke ni mgonjwa, na bibi kizee anayeokota vipande vya mbao na makaa barabarani ndiye anayewauguza na ndiye mwenye akiba. Wanakuja kuichukua gramafoni. Ni hilo tu, na linatosha, maana hakuna nyumba ya maskini isiyolijua gari la mdai likisimama mlangoni.

Sasa turudi kwa yule aliyeandika masharti manne, kwa kuwa hakuishia kuandika. Kundi lake la maigizo, Krigwa, lilipata chumba cha chini katika maktaba ya Mtaa wa 135, Harlem, ambako mkutubi Regina Anderson alikuwa miongoni mwa waliolianzisha. Walijenga jukwaa dogo, na mchoraji Aaron Douglas akachora bango la tangazo. Mwezi Mei 1926 walifungua kwa michezo mitatu mifupi, miwili ya Richardson na mmoja wa Ruth Gaines-Shelton, mwanamke aliyekuwa amepita miaka 50, ulioitwa The Church Fight. Huu wa mwisho unahusu waumini wanaokutana kumwondoa mchungaji wao. Majina yao yenyewe ni kichekesho: yupo Dada Mchochezi, yupo Dada Sura-Mbili, yupo Dada Mmbeya. Kila mmoja ana hakika kwamba mchungaji ana makosa makubwa, na inapofika zamu ya kuyataja mbele ya mhusika hakuna anayekubali kusimama. Nawaulizeni, ni Broadway ipi ingeweza kuuelewa mchezo huo kama walivyouelewa watu waliotoka kanisani kwao mitaa miwili kutoka hapo?

Krigwa haikudumu, na ni haki niseme kwa nini. Mwaka 1927 ilishiriki mashindano ya makundi madogo ya tamthilia na mchezo wa Fool’s Errand wa Eulalie Spence, mwalimu mzaliwa wa kisiwa cha Nevis, ambaye alikuwa akimwambia Du Bois bila woga kwamba watu huenda kwenye maonyesho kuburudika, si kuhubiriwa. Ulishinda zawadi ya dola 200. Du Bois alizitumia kulipia gharama za maandalizi, waigizaji na mtunzi wasipate kitu, na kundi likavunjika. Mtu aliyeliona sharti la nne kabla ya wengine wote alishindwa kuwa karibu na watu wake mwenyewe kwa dola 200. Nasema hivi nikimheshimu sana. Chumba kilibaki. Mwaka 1940 kundi la American Negro Theatre lilianzia palepale, na miaka michache baadaye kijana mmoja alikuwa akifagia na kufanya usafi katika kundi hilo ili apewe masomo ya uigizaji. Jina lake Sidney Poitier, nyota wa filamu wa baadaye.

Nimeiacha Cleveland, Ohio, iwe ya mwisho kwa makusudi. Mwaka 1915 Russell na Rowena Jelliffe, mtu na mkewe, Wazungu waliosoma chuo cha Oberlin, walifungua nyumba ya jamii katika mtaa uliokuwa ukipokea wahamiaji kutoka Kusini. Langston Hughes alikuwa akifika hapo akiwa mwanafunzi wa sekondari. Kikundi cha maigizo cha nyumba hiyo kilitembelewa na Charles Gilpin alipokuwa mjini na The Emperor Jones. Aliwahimiza wajifunze kuiona tamthilia iliyomo katika maisha yao wenyewe, akawaachia dola 50, nao wakajiita Gilpin Players. Mwaka 1927 walipopata ukumbi wao wenyewe walitafuta jina, na lililopendekezwa na mwalimu Hazel Mountain Walker, mmoja wa waigizaji wao, ndilo lililokubaliwa. Liliandikwa Karamu.

Wao hulieleza kuwa ni mahali pa mkusanyiko wa furaha. Sisi tunaweza kuwaongezea, kwa kuwa neno ni letu: kwenye karamu kuna mwenyeji, kuna sinia, na aliyealikwa hapandishwi roshani. Nyumba ilianzishwa na Wazungu, hilo halifichiki, na wapo wanaoona kwamba kwa sababu hiyo haikulitimiza sharti la pili. Lakini katika miaka ya 1930 ni kwenye jukwaa hilo, si Harlem, ambako Hughes alipeleka vichekesho vyake kimoja baada ya kingine, Little Ham kikiwa cha mwaka 1936, akijua kwamba watakaocheka ni watu wa mtaa alioujua tangu akiwa mwanafunzi.

Mwezi Oktoba 1939 moto uliuteketeza ukumbi ule. Mwaka 1941, wakati ukumbi ungali majivu na waigizaji wakihangaika kutafuta mahali pa kuchezea, taasisi nzima iliacha jina lake la zamani na kujiita Karamu House. Majengo mapya ya maonyesho yalikamilika mwaka 1949, katika mtaa wa East 89, na hadi leo yapo huko.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Niko tayari kupokea maswali.